Tumbo kukaza wiki ya 33
Dada unayeuliza kama tumbo kukaza na kuachia wiki ya 33 ya mimba ni uchungu wa kuzaa: hapana, hilo peke yake siyo uchungu. Mji wa mimba unafanya mazoezi, na kuanzia wiki ya 28 hali hiyo huzidi, hasa jioni ukiwa umechoka, hujanywa maji ya kutosha au kibofu kimejaa. Kunywa maji, nenda haja ndogo, lalia ubavu. Ikiachia, ni mazoezi hayo tu. Uchungu wenyewe haujali umelala au umesimama: unakuja kwa mpangilio, unakaribiana, unazidi nguvu, na mara nyingi unashika na kiuno. Mimi ni mkunga, swali hili naulizwa kliniki karibu kila siku. Wengine hufika na beseni na kanga zote tukawarudisha nyumbani, na hakuna anayewacheka.

Ila kwa kuwa hujafika wiki 37, tumbo likikaza mara 4 au zaidi ndani ya saa moja, usisubiri kukuche, nenda hospitali. Vilevile ukiona damu, maji yakivuja, au mtoto akipunguza kucheza. Na wanaosema kuvimba ukiwa mjamzito ni kawaida wako sahihi nusu. Miguu jioni, sawa. Uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikiuma bila kutulia au macho yakiona ukungu, kapime presha siku hiyohiyo, inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.