Buibui wa barazani, usimuue kwanza

Mkuu umesema kila asubuhi utando haupo, jioni upo tena pale kwenye taa, na unaogopa watoto wataumwa. Huyo utando anaula mwenyewe, ndo anapata malighafi ya kufuma mwingine. Wa kwangu nilikuwa namvizia giza likianza, anavuta kwanza nyuzi kama spoki za baiskeli halafu anazungusha ule uzi wa kunata, akimaliza anakaa katikati kichwa chini kungoja mbu na nondo (yaani mlinzi wa bure). Akiuma kwa kawaida ni maumivu kidogo tu ila watoto wasimshike. Kama kautega usawa wa uso, mhamishe na kijiti mpaka kwenye ua. Mtu akiumwa akavimba sana au akapumua kwa shida, hospitali fasta.