Adapta ya kwenye boksi inatosha, au ninunue pawa saplai nyingine?

SWALI: Fundi habari. Nina DAC ndogo ya USB (kile kifaa cha kugeuza muziki wa kidijitali uwe sauti ya kwenda kwenye ampu) na priampu ya kupigia santuri, zote zinatumia zile adapta nyepesi zilizokuja kwenye boksi. Nyimbo ikiisha nasikia mvumo kwenye spika. Jamaa yangu kasema nitupe hizo adapta ninunue pawa saplai ya linia, ile yenye transfoma, eti sauti itabadilika kabisa. Nimsikilize?

JIBU: Nzuri ndugu. Usimsikilize bado, sikiliza kwanza huo mvumo. Kama ni mzito wa chini, "mmmmm", hiyo ni 50 au 60 Hz ya umeme wa ukutani na mara nyingi adapta haihusiki, angalia waya wa ethi wa pleya ya santuri kama umefungwa kwenye skrubu ya priampu, halafu angalia kama vifaa vyako vimechomekwa soketi tofauti tofauti. Adapta nyepesi ikiwa mbovu kelele yake ni nyingine, inalia kama mbu au inachakacha.

Jaribio la bure: chomeka DAC kwenye pawabenki badala ya adapta. Kelele ikipotea basi shida ilikuwa inapitia njia ya umeme, na hapo kununua kuna maana. Isipopotea utakuwa umeokoa hela yako.

Na huyo jamaa yako hajakwambia kitu kimoja, transfoma yenyewe inatoa sumaku, ukiiweka karibu na priampu ya santuri (ambayo inakuza sauti ndogo mno) unaweza ukajiletea mvumo ambao hata haukuwepo!

Ukiamua kununua, volti lazima zifanane kabisa na zilizoandikwa kwenye kifaa. Ampia zikizidi haina neno, kifaa kinavuta kinachohitaji tu, ila zikipungua ndo balaa. Cheki chanya iko katikati ya plagi au nje, na tundu lake ni milimita 2.1 au 2.5 maana kwa macho zinafanana. Priampu zingine zinataka AC sio DC, ukiona alama ya ~ hapo usibahatishe. Alafu chukua iliyo regyuleti, yaani volti zake hazipandi na kushuka ovyo, zile za kizamani zimeandikwa 12V lakini ukizipima bila mzigo, yaani hujachomeka kifaa, unakuta 16 au zaidi.

Kuna watu wanakata mguu wa ethi wa plagi ili mvumo uishe. Aisee usithubutu, ule upo kukuzuia kupigwa shoti.

SWALI: Amplifaya yangu ndogo imeandikwa wati 50 kila upande, adapta yake ni 24V ampia 2, lakini nikipandisha sauti besi inakatika na taa inazima. Imekufa?

JIBU: Sidhani. Adapta yako umesema ni 24V ampia 2, zidisha unapata wati 48, na hizo ni za kila kitu pamoja na joto, sasa wati 100 zitatoka wapi? Besi ikipiga adapta inazidiwa inajizima kujilinda. Tafuta ya 24V ileile, ampia 5 au zaidi. Hapa ndipo kubadilisha pawa saplai utakusikia kwa masikio yako, tena ya swichi ya kawaida tu, aina ya hizo adapta nyepesi, inatosha, hiyo ya linia ya nguvu hivyo ni zigo la chuma na bei yake hailingani na faida.