Kutafuta muziki wa asili ukihamia Ayalandi: niliyojifunza Galway

Ndugu yangu uliyeingia Ayalandi juzijuzi kwa kazi au masomo, muziki wa asili wa hapa utaukuta kwenye kona ya baa, watu wameizunguka meza na fidla zao, usiku, bila kiingilio. Wenyewe huita seisiún.

Mimi ni mtu wa Unguja na pombe situmii, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilikuwa nasikia fidla kwenye milango ile, napita zangu. Nilijinyima bure. Agiza chai, hakuna atakayekushangaa. Na kama baa huitaki kabisa, ulizia tawi la Comhaltas, chama kilichoanzishwa 1951 kuulea muziki huu. Matawi yake hufundisha watoto na watu wazima, na huko ndiko nilikoshika filimbi ya bati yenye matundu sita, ala rahisi kununua kuliko zote.

Kwa upande wa baa za kuanzia, Galway nenda Tigh Cóilí au Crane. Dublin nenda Cobblestone, pale Smithfield. Ukiwa mji mwingine, ingia duka la ala za muziki umuulize muuzaji wapigaji hukutana wapi na siku gani. Anayewauzia nyuzi anawajua wote. Kisha shika mahali pamoja na siku moja ya wiki, uwe unarudi. Ukizungukazunguka utabaki mgeni kila unapoingia.

Viti vina wenyewe. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye benchi tupu chini ya dirisha. Akaingia mzee na sanduku la fidla, akasimama mbele yangu anatabasamu, hasemi neno. Dada wa kaunta akanigusa bega, nikahamia meza ya pembeni, na kutoka pale nilimwona vizuri. Wenzake walikuwa wameshaanza. Akatega sikio, akawa anadonoa nyuzi kwa kidole, taratibu, mpaka alipoipata sauti yao, ndipo akainua upinde akaingia. Hakuna karatasi ya noti. Vipande vyao vingi havina maneno, kama bashrafu za taarabu kwetu: kwa kawaida kimoja kina sehemu mbili, kila sehemu hurudiwa, na kikishapigwa mara mbili tatu wanaunga kingine bila kusimama. Ukiona mmoja ameinua macho kuwatazama wenzake, jua wanakaribia kubadilisha.

Kuna ngoma yao, bodhrán, ya ngozi ya mbuzi. Ukiiona utadhani dufu la Maulidi. Najua mkono utakuwasha. Subiri ukaribishwe, maana wengi wao hupenda apige mmoja tu kwa wakati, na anayegonga ovyo huwavurugia wote. Na mtu akianza kuimba peke yake bila ala, mtindo wa sean-nós, nyamaza kabisa, hata kama chai yako inapoa.

Ukishazoea, omba likizo ya Julai mapema uende Miltown Malbay, mji mdogo wa kaunti ya Clare. Tangu 1973 kuna shule ya wiki moja pale kwa kumbukumbu ya mpigaji Willie Clancy: asubuhi madarasa, usiku mji mzima unapiga. Mimi nilibadilishana zamu na wenzangu kazini ili niipate wiki ile. Nikakaa darasa la filimbi la wanaoanza, kulia kwangu mtoto, kushoto kwangu mtoto, na yule wa kushoto ndiye aliyenionyesha kidole changu kinapovujisha pumzi.