Kabla Hujanunua Skrini ya Pili ya 4K, Kagua Tundu la Kompyuta Yako

Ukiunganisha skrini mbili za 4K kwenye kompyuta mpakato, halafu moja ikawa nzuri na nyingine kipanya kinarukaruka, usikimbilie kuirudisha dukani. Mara nyingi skrini ni nzima. Kinachokwama ni njia inayopitisha picha.

Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Ikichorwa mara 60 kwa sekunde, yaani Hz 60, hudai takriban gigabiti 12.5 kila sekunde. HDMI 1.4 (HDMI ni aina ya tundu na kebo ya picha, namba ni toleo lake) haifiki huko, huishia Hz 30, na kazi ya siku nzima kwa Hz 30 inakera kweli. HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 (aina nyingine ya tundu la picha) kila moja hutosha skrini moja.

USB-C ndiyo huwachanganya wengi, kwa sababu umbo la tundu halielezi kilichomo. Alama ya radi yenye mshale kwa kawaida ni Thunderbolt, yaani USB-C yenye kasi zaidi. Pasipo na alama, soma sifa za modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, maana matundu mengine ya USB-C hayatoi picha kabisa.

Hela nyingi hupotelea kwenye habu, vile vifaa vya kuongeza matundu, za bei nafuu. USB-C ina njia nne za kasi. Habu yenye matundu ya USB 3 kwa kawaida huchukua mbili kwa data na kuiachia picha mbili. Kompyuta ikiwa ni ya DisplayPort 1.2, njia hizo mbili hubeba gigabiti 8.64 tu. Ndiyo maana boksi limeandikwa 4K nawe unapata Hz 30, hata kwa skrini moja! Kama kompyuta ina HDMI 2.0 na USB-C inayotoa picha, achana na habu: skrini moja ichomeke HDMI, nyingine itumie kebo ya USB-C kwenda DisplayPort. Mwenye Thunderbolt 4 anunue doki ya Thunderbolt, yaani habu kubwa yenye umeme wake, kwani kiwango hicho kinaitaka kompyuta imudu skrini mbili za 4K kwa Hz 60. Hakikisha tu wati ambazo doki huichajia kompyuta hazipungui zile za chaja yako.

Wenye MacBook Air wawe waangalifu zaidi. Zenye chipu za M1 na M2 hutoa picha kwa skrini moja tu ya nje. Ya M3 hukubali mbili ukifunga kifuniko chake. Ya M4 mbili hata ikiwa wazi. Kwa M1 na M2 kuna adapta za DisplayLink, zinazopitisha picha kwa USB kwa msaada wa draiva, yaani programu yake unayosakinisha. Kwa nyaraka zinafaa, lakini hutumia nguvu ya prosesa, na filamu zenye ulinzi dhidi ya kunakiliwa huweza kutoka nyeusi.

Kebo nazo zina viwango. Ya HDMI iwe na maandishi Premium High Speed. Kebo nyingi za chaja za simu hazipitishi picha. Skrini ikizimika sekunde chache na kurudi, badilisha kebo kwanza.

Ukishaunganisha kwenye Windows, ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display, uchague Hz 60 kwa kila skrini. Ikiwa 60 haimo kwenye orodha, bonyeza vitufe vya skrini yenyewe uangalie menyu yake: baadhi hutoka kiwandani HDMI ikiwa imewekwa 1.4, na kuipandisha hadi 2.0 humaliza tatizo.