Kabla ya kuuliza nauli, uliza upepo

Safari yangu ya kwanza ya mwambao wa Ziwa Nyasa niliipanga kwa kuangalia likizo, ziwa lenyewe sikuliuliza. Ilikuwa Julai. Tulishuka kutoka Uyole tumevaa masweta, tukapita Tukuyu na ukungu wake, tukafika Matema jasho linatutoka, maana kutoka Mbeya mjini hadi ufukweni unashuka zaidi ya mita 1,000. Jioni ile ile tukapatana na mwenye boti atupeleke vijiji vya Ludewa, chini ya milima ya Livingstone. Alikubali bei yetu bila hata kubishana. Hapo ningeshtuka.

Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wanangu, kusi limeamka. Kesho kutwa ndiyo muende." Tukacheka kwa adabu, asubuhi tukapanda. Saa nne boti ilikuwa inajaa maji, unga umelowa, simu yangu imekufa, na watu tisa tunayatazama majaketi mawili ya kuokolea. Tulilala kwenye kipande cha kokoto chini ya mlima, tukangoja mawimbi yachoke.

Baadaye nilielewa kwa nini mzee yule hakuhitaji utabiri wa redio. Ziwa hili ni refu na jembamba, limelala kaskazini na kusini kama mtaro, urefu wake ukipita kilomita 550. Upepo wa kusini ukivuma siku mbili tatu, unasukuma mawimbi mtaro mzima, nayo yanakuja kuishia huku kwetu Matema na Itungi. Upepo huo ndio unaotawala kuanzia Mei hadi Agosti. Machi na Aprili nazo usiziguse, mvua ya Kyela haina mchezo. Mimi sasa naenda Septemba au Oktoba: joto ni kali, lakini maji yanatulia na yanakuwa maangavu kiasi kwamba unawaona samaki wadogo wa rangirangi wakizunguka mawe. Hata miezi hiyo ondokeni alfajiri. Mchana upepo huwa na mambo yake.

Ukishachagua mwezi, ndipo uchague chombo. Kwa anayeanza, nashauri meli. MV Mbeya II imejengwa kwa abiria 200 na tani 200 za mizigo, na njia ya meli za huku ni ile ya miaka yote: unaanzia upande wa Kyela, unapita Lupingu, Manda, Liuli, hadi Mbamba Bay. Mikoa mitatu kwa safari moja, Mbeya, Njombe na Ruvuma. Ila ratiba usiichukue kwa jirani wala kwa picha ya tangazo iliyotumwa kwenye kundi la simu. Piga simu bandarini wiki moja kabla, piga tena siku ya kuamkia safari, na ukajiachie siku mbili za ziada. Mwenye kikao Jumatatu asisafiri na ziwa.

Boti ndogo ina raha yake, nakiri. Inakuingiza kwenye vighuba ambavyo meli haiwezi, na mwambao ule mlima unazama moja kwa moja majini, huna hamu ya kuupita kwa mbali. Lakini kabla hujatoa hela, omba kuiona boti ikiwa juu ya maji, siyo picha yake. Hesabu majaketi, yavaeni, msiyakalie kama mito. Uliza mafuta ya kurudi yako wapi, na uyaone kwa macho. Uliza kama kuna kasia iwapo mashine itagoma. Mimi pia humuuliza nahodha: "Upepo ukibadilika, tunaingia kijiji gani?" Anayejua kazi anakutajia jina palepale. Wa kwangu wa Julai alinijibu, "Mungu yupo." Yupo kweli, lakini sikuwa nimemuuliza hilo.

Mizigo ni michache tu. Kila kitu kikae ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko. Chukua fedha taslimu za noti ndogo, maana chini ya mlima mtandao unapotea na wakala wa kutolea hela yuko mbali. Chandarua usiache, Kyela na mwambao wote una malaria kuliko sisi wa baridi tunavyodhani. Usiogee kwenye maji yaliyosimama yenye matete, kuna kichocho. Ukirudi, baada ya wiki sita hivi, kapime hata kama hujisikii vibaya. Chakula hakina shida: wali wa Kyela, dagaa wa huku waitwao usipa, na samaki aina ya mbasa wa kuchoma ukibahatika.

Kuna vitu vya kusimama na kutazama. Asubuhi nyingine utaona kitu kama moshi kinapanda katikati ya ziwa, ukadhani meli inaungua, kumbe ni wadudu wadogo kwa mamilioni. Wingu hilo likija upande wenu, fungeni midomo. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake, ndipo Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Na karibu na Matema kuna soko la Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Fika Jumamosi.

Kurudi siku hizi si lazima upande tena meli. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66 za lami, kisha Songea, Njombe, Makambako, nyumbani. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimenunua chungu Lyulilo mwanzoni mwa safari. Nimekipakata hadi Uyole, zamu kwa zamu na dada mmoja tuliyekaa naye kwenye basi, naye akaniambia angekinunua yeye kama ningechoka. Nunueni mkirudi kwa njia ile ile. Mkirudi kwa Songea, mwacheni mama na chungu chake.