Nani analipia barabara na madaraja yetu?

Wiki hii wasomaji wengi wameuliza jambo moja kwa namna tofauti: hela ya barabara inatoka wapi? Nimechukua maswali manne.

Je, mkoa una kodi yake ya barabara? (Msomaji, Sumbawanga)

Hauna. Kwa Tanzania Bara, mkoa hautozi kodi. Halmashauri zina ushuru wake, kama ule wa mazao, lakini huo hauwezi kubeba barabara kuu ya lami. Matengenezo yanabebwa na tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara. Katika fedha hizo, asilimia 70 huenda TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu na za mikoa, na 30 huenda TARURA, wakala wa barabara za wilaya, mijini na vijijini.

Kwa nini sisi wa Kigamboni tunalipa kila tukivuka? (Mama mfanyabiashara, Kigamboni)

Dada yangu, Daraja la Nyerere, hilo la Kigamboni, lilifunguliwa Aprili 2016. Asilimia 60 ya gharama ilitoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Serikali ikatoa 40. Fedha ya NSSF ni akiba ya wafanyakazi, kwa hiyo lazima irudi, na inarudi kwa tozo mnazolipa. Zilipunguzwa mwaka 2022, lakini zipo.

Sasa tazama Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Lina urefu wa kilomita 3, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 za Serikali, na lilifunguliwa Juni 2025. Msukuma wa Sengerema anavukia kodi ya nchi nzima, na kodi yako wewe imo. Nami nafurahi kwa ajili yake, maana foleni ya kivuko ilimlaza njiani na mgonjwa wake. Lakini kwenu naona mnaonewa. Serikali ingeilipa NSSF deni hilo kutoka bajeti kuu, hata kidogo kidogo.

Mbona Mfuko wa Barabara haujengi madaraja makubwa? (Msomaji, Morogoro)

Sheria inautaka utumie angalau asilimia 90 kwa matengenezo. Miradi mikubwa hutegemea bajeti kuu na mikopo.

Mimi sina gari. Nina bodaboda, nanunua petroli ya chupa kijijini. Nami nachangia? (Kijana, Njombe)

Unachangia sana, mdogo wangu. Tozo hukatwa mafuta yakiingia nchini, kwa hiyo chupa ikifika kwenye meza ya pembeni mwa barabara, imo ndani. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kila lita, mafuta ya taa yakiwemo. Bibi mwenye kibatari naye akaingia. Mwaka 2021 tozo ya mafuta ikaongezwa shilingi 100 kwa lita, mahsusi kwa barabara za TARURA.

Nimewahi kusimama masika mahali kalavati limesombwa na maji. Magunia ya viazi yalishushwa kwenye Fuso, yakavushwa kichwani moja moja, yakapakiwa gari jingine ng'ambo, na kila gunia likalipiwa kibarua. Mkulima alikuwa ameshalipa barabara hiyo kwenye mafuta, akailipa tena mgongoni mwa vijana.

Kwenu kukiwa hivyo, usisubiri kampeni. Nenda mkutano wa kijiji, mwombe diwani amwite meneja wa TARURA wa wilaya, kisha uliza mbele ya watu: kalavati letu limepangiwa bajeti ya mwaka gani, na mkandarasi ni nani?