Pima nyuzi juu ya pikapu yenyewe, usipime darajani

Usilipe hiyo pesa. Umeandika kwamba gitaa lako la umeme la umbo la Les Paul lina uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, unaosikika hafifu, kwamba umepima upana wa nyuzi darajani, pale zinaposhikiliwa mwilini mwa gitaa, ukapata milimita 52, na kwamba muuzaji amekushauri ununue jozi ya hambaka (pikapu za koili mbili, vifaa vya sumaku na waya vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) za upana huohuo, moja ya darajani na moja ya shingoni. Kisha ukauliza kama kava zako za zamani, vifuniko vya chuma vya pikapu, zitaingia. Nimesoma andiko lako mara mbili, na mara zote mbili nimejiona mwenyewe miaka minne iliyopita, kwa sababu hata maneno ya muuzaji ni yaleyale niliyoambiwa mimi, nikayafuata hatua kwa hatua hadi nikapoteza shilingi 420,000 na pikapu mpya ambayo haikuwahi kutoa sauti hata siku moja.

Kosa langu lilianzia kwenye kipimo, na hapo ndipo ulipo wewe sasa. Nyuzi za gitaa haziendi sambamba kama reli. Kule kichwani hutoka zikiwa zimebanana, kwa gitaa kama lako kiasi cha milimita 35 kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, kisha zinaendelea kuachana hadi kufikia hizo 52 darajani. Urefu wa uzi ukiwa milimita 628 hivi, nyuzi zinatanuka milimita 17 katika safari nzima, yaani kila unaporudi nyuma milimita 37 kutoka darajani kuelekea shingoni, zimekaribiana kwa milimita moja. Pikapu ya darajani inakaa kiasi cha sentimita 4 kutoka daraja lenyewe, ambako nyuzi zina upana wa milimita 51. Pikapu ya shingoni iko karibu sentimita 15 na nusu kutoka daraja hilohilo, ambako upana umeshuka hadi milimita 48. Kwa hiyo 52 uliyoiandika ni upana wa mahali ambapo hakuna pikapu hata moja.

Mimi sikuipiga hesabu hiyo. Nilinunua jozi, nikaenda nayo nyumbani, na nilipoiweka ya shingoni juu ya tundu lake nikaona skrubu za pembeni zimetokeza nje ya nyuzi kwa milimita 2 kila upande. Badala ya kusimama na kujiuliza, nikasema itakaa sawa ikishafungwa, kisha nikaanza kazi iliyonigharimu kuliko yote: kuhamishia kava zangu za zamani za nikeli kwenye pikapu mpya. Nilizipenda kava zile, zilikuwa zimefifia vizuri na kulitia gitaa sura ya utu uzima. Lakini kava ya hambaka ina matundu sita ya kupitishia vichwa vya skrubu, na matundu ya kava zangu yalikuwa na upana wa milimita 49.2 kutoka la kwanza hadi la sita. Pikapu ilikuwa na 52. Tundu la kila mwisho lilikuwa limekosea mahali pake kwa milimita 1.4, kiasi ambacho kwa macho kinaonekana kama si kitu, na kwa skrubu ni ukuta.

Nilikesha na tupa nyembamba ya mviringo nikiyarefusha matundu ya pembeni hadi yakawa na umbo la yai. Skrubu zikaingia, lakini ziliingia zikiwa zimeinama, nami nikazikaza hivyohivyo kwa bisibisi nikiamini zitajinyoosha. Kava haikukaa chini. Nikaifunga kitambaa, nikaiweka kwenye jiriwa, nikabana taratibu. Nilisikia mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika, na mkono wangu ukaacha kuzungusha wenyewe. Kabla ya hapo multimita, kile kipima umeme, ilikuwa imeandika ukinzani wa kiloomu 8.1 kwenye pikapu ile. Niligusa tena ncha zilezile na multimita haikusoma chochote. Nikageuza waya, nikabadilisha betri, nikagusa tena, hali ikawa ileile.

Nilipoivua kava niliona kilichotokea. Skrubu ya mwisho iliyoingia kwa kuinama ilikuwa imepasua plastiki inayobeba koili, na ufa ule ulikuwa umeukata waya wa shaba. Waya huo una unene wa milimita 0.06 hivi, ni mwembamba kama unywele, nao umezungushwa mara elfu kadhaa kwenye kila koili. Hambaka ina koili mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo moja ikikatika umeme hauna pa kupita na pikapu nzima imekufa. Haiungiki kwa risasi ya kulehemu mezani kwako. Ni lazima koili isukwe upya kwa mashine, na katika mafundi watatu niliowaendea hakuna aliyekuwa nayo. Wanaoniambia kwamba nilipaswa kujua, nawauliza ni nani aliyezaliwa na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, mkononi. Nilimuuliza mtu ambaye kazi yake ni kujua, nikalipa, na nilistahili kuambiwa ukweli.

Muuzaji yule simsamehi kirahisi. Sikasirikii kwamba alikataa kuipokea pikapu iliyovunjika, kwa maana niliivunja mimi. Ninakasirika kwa sababu alitoa hukumu juu ya gitaa ambalo hakuliona. Hakuniambia nilipeleke. Hakuuliza pikapu imekaa umbali gani kutoka kwenye nyuzi. Hakutaja hata mara moja kwamba shingoni na darajani upana wa nyuzi ni tofauti, ingawa watengenezaji wenyewe hutoa pikapu za upana zaidi ya mmoja kwa sababu hiyohiyo. Aliniambia tu kwamba uzi usipopita katikati ya kichwa cha chuma sauti yake inakufa, akaniuzia jozi iliyofanana pande zote mbili kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo rafuni. Sasa ninaona na wewe umeambiwa sentensi hiyohiyo, na damu inanichemka.

Sentensi hiyo si kweli. Kichwa cha chuma cha hambaka kina upana wa karibu milimita 5, kwa hiyo hata uzi uliosogea milimita 2 kutoka katikati bado unapita juu ya chuma. Chini ya vichwa vyote kuna sumaku moja ndefu iliyolala chini ya koili mbili, na nguvu yake haikatiki ghafla kama mwanga wa tochi unapogonga ukuta. Jaribu mwenyewe leo: chagua pikapu ya shingoni, piga uzi wa pili kwenye freti ya 12, kisha uvute kwa kidole kama mpiga solo anayelia na gitaa. Hapo juu ya pikapu uzi unasogea milimita kadhaa, mpaka karibu na nusu ya njia kati ya kichwa kimoja na kingine. Noti haizimiki. Kama njia yote hiyo haiui sauti, milimita moja ya pikapu yako ya darajani itaiuaje?

Uzi wangu wa kwanza uliponywa na mzee mmoja aliyepiga solo katika bendi za dansi tangu ujana wake. Nilimpelekea gitaa likiwa na pikapu zake za kwanza, zile za upana wa milimita 49, nikamweleza kisa chote. Hakusema neno. Alibonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya mwisho, akainamisha jicho lake usawa wa pikapu, akasema, "Mwanangu, huku kumezama." Upande wa nyuzi nyembamba pikapu ilikuwa milimita 4 chini ya uzi. Akazungusha skrubu moja ya kwenye fremu inayoishikilia pikapu hadi umbali ukawa milimita 2, akanirudishia gitaa, na uzi wa kwanza ukasimama sawa na wenzake. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na hakutaka hata shilingi.

Sisemi kwamba upana wa vichwa hauna maana kabisa. Fundi Seth Lover alipoitengeneza hambaka pale kwenye kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955 aliilinganisha na nyuzi za magitaa ya Gibson, na kipimo cha milimita 49 au 50 kikazoeleka. Magitaa ya zamani ya kampuni nyingine, Fender, yana daraja pana zaidi, milimita 56 hivi, na watu walipoanza kutia hambaka kwenye miili ya namna hiyo vichwa vikaachwa mbali na nyuzi za pembeni. Gitaa maarufu la mpiga gitaa la roki Eddie Van Halen lina hambaka iliyowekwa mshazari ili vichwa vikaribie nyuzi. Baadaye watengenezaji wa pikapu DiMarzio wakatoa aina pana ya milimita 51, na wenzao Seymour Duncan wakatoa yao inayokaribia 53. Kwa gitaa lenye daraja pana, hizo ni za kununua, tena kwa upande wa darajani. Kwa shingoni mwa gitaa lako, penye upana wa 48, hazina kazi, na kava za 49.2 hazitazivaa hata ukikesha wiki nzima na tupa. Kava hununuliwa kwa kipimo cha pikapu yake, katikati ya tundu la kwanza hadi katikati ya tundu la sita.

Kwa hiyo fanya hivi leo jioni, gitaa likiwa na nyuzi zote na limetuniwa. Chukua kalipa, na kama huna, rula nyembamba yenye milimita, uiweke juu ya safu ya skrubu za pikapu ya darajani, usome kutoka katikati ya uzi wa sita hadi katikati ya uzi wa kwanza. Rudia shingoni. Kisha pandisha upande wa nyuzi nyembamba wa pikapu ya darajani kwa nusu mzunguko wa bisibisi kila mara, ukisikiliza kwenye amplifaya ileile kwa sauti ileile. Niandikie hapa vipimo viwili, cha darajani na cha shingoni, na umbali wa pikapu kutoka kwenye uzi wa kwanza kabla na baada, na mpaka nitakapoviona usimtumie muuzaji huyo hata senti.